UZI: Sanamu za kale za Ugiriki, zilizofukiwa zikapona na zilizopendwa zikasuguliwa

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni fundi wa terazo na marumaru hapa Dar, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nikisema marumaru simaanishi vigae vya sakafuni ambavyo madukani navyo vinaitwa hivyo hivyo. Nasema jiwe lenyewe, lile linalokatwa mlimani. Uzi huu ni mrefu, nitauweka kwa vipande leo na kesho. Mwenye swali aulize katikati, nitajibu.

Mwaka 2019 nilikwenda London kumwona dada yangu. Siku moja akanipeleka British Museum, kwenye ukumbi wa sanamu zilizotoka hekalu la Parthenon kule Athens. Kuingia ni bure. Nilidhani tutazunguka nusu saa tutoke. Nikakutana na kichwa cha farasi.

Ni kichwa na shingo tu, kwa sababu tangu mwanzo kilichongwa kionekane kama kinazama nyuma ya ukingo wa paa la hekalu. Ni mmoja wa farasi wa Selene, mungu wa mwezi. Amevuta gari usiku kucha, sasa kunakucha. Mchongaji hakuandika popote kwamba farasi amechoka. Ameliacha taya la chini lining'inie, pua zimetanuka, jicho limetoka nje, na kwenye mfupa wa shavu ngozi imekaa nyembamba mpaka unaona mishipa inavyopita chini yake. Nimekulia mahali ambapo maji yaliletwa na punda, najua mnyama anavyohema akishushiwa mzigo. Yule farasi ni jiwe lililochongwa kati ya mwaka 438 na 432 KK, na anahema.

Nikasimama pale mpaka dada akachoka kunisubiri. Kisha nikaanza kuangalia kama fundi, na hapo ndipo moyo ulipoingia mashaka. Jiwe la Parthenon lilitoka mlima Penteli, karibu na Athens. Lina chembe za chuma ndani yake, na likikaa hewani karne kwa karne linavuta rangi ya asali. Kwenye zile sanamu nikaona mahali pana rangi hiyo, na mahali pengine pameparara, peupe, uso umelainika kwa namna ambayo mikono yangu inaijua. Jiwe huwa hivyo likipitishiwa kifaa.

Niliporudi nyumbani nikasoma mpaka nikapata kisa chake. Mwaka 1937 na 1938 ukumbi ule ulikuwa unajengwa upya kwa fedha za Lord Duveen, tajiri aliyefanya biashara ya kazi za sanaa. Alitaka sanamu ziwe nyeupe. Wafanyakazi wakazisafisha kwa vifaa vya shaba na kwa kaborandamu. Wenzangu wa terazo mnaifahamu kaborandamu: ndiyo yale mawe ya kusagia tunayofunga chini ya mashine. Septemba 1938 mkurugenzi wa jumba akapita, akaviona vifaa mezani, kazi ikasimamishwa. Farasi wa Selene, mungu jua Helios na Iris mjumbe wa miungu walikuwa wameshaguswa. Ile rangi ya asali iliyodhaniwa uchafu ilikuwa ngozi ya jiwe lenyewe. Jambo lilisemwa nusu nusu kwa miaka mingi, hadi 1999 ambapo jumba lenyewe liliitisha mkutano wa wataalamu kulijadili waziwazi.

Sikuweza kuwahukumu wale mafundi kirahisi, maana nami nimefanya hivyo hivyo. Mwaka wangu wa tatu kazini niliitwa na mama mmoja mjane. Kizingiti chake cha marumaru nyeupe kilikuwa na doa la kutu, na jiwe lile aliliweka marehemu mume wake kwa mikono yake. Nikamimina asidi. Likatoa povu, doa likaondoka, nikafurahi. Nilipokausha nikaona: pale palipokuwa na doa pamekuwa na kovu, pamefifia na pana vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya limau. Nikachukua grenda na poda nipang'arishe, nikazidi kupachimba. Yule mama hakunigombeza. Aliinama akapapasa kile kishimo kwa kidole, akanilipa, akaingia ndani. Hadi leo nikipita ile mitaa nabadilisha njia.

Marumaru ni ndugu wa matumbawe na ganda la yai, dutu yao ni moja. Dondoshea tone la ndimu utaona linavyochemka. Kwa hiyo mtu anaposema "nimeisafisha sanamu", swali la kwanza la fundi ni: kwa kutumia nini, na umeondoa nini?

Naendelea baadaye kidogo.

---

SEHEMU YA PILI

Jambo lililonishangaza kuliko yote katika kusoma kwangu ni namna sanamu zenyewe zilivyopona. Nilidhani kuna watu walizitunza vizazi kwa vizazi. Wapo, lakini wachache. Nyingi zilizotufikia zilipona kwa sababu zilipotea.

Wagiriki wenyewe kazi zao kubwa walizifanya kwa shaba, mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, ile ya medali ya mshindi wa tatu. Fundi anatengeneza umbo, anaweka nta, anafunika kwa udongo, anachoma nta itoke, anamimina shaba iliyoyeyuka mahali pa nta. Sanamu inatoka ikiwa na uwazi ndani, nyepesi, inaweza kunyoosha mkono au kusimama kwa kidole cha mguu. Tatizo la shaba ni kwamba ina bei siku zote. Vita ikija inakuwa silaha, njaa ikija inakuwa sarafu. Mwandishi wa Kirumi Pliny anasema mchongaji Lysippos alifanya kazi 1,500. Leo hakuna hata moja ambayo mtu anaweza kuapa kwamba ilipita mikononi mwake.

Zile tunazoziona picha zake kila mahali, kama yule mrusha kisahani wa mchongaji Mgiriki Myron, nyingi ni nakala za marumaru zilizochongwa kwa ajili ya matajiri wa Roma. Mkitaka kuzitambua, angalieni miguuni. Utaona kisiki cha mti kimesimama kando ya mguu bila sababu. Sababu ipo: vifundo vya miguu ya marumaru haviwezi kubeba kiwiliwili, vitakatika. Ya shaba haikuhitaji kisiki. Mnakili Mroma akakiongeza ili jiwe lisimame. Nilipolijua hilo sikuweza tena kupita kwenye sanamu bila kutafuta kisiki.

Sasa za shaba halisi zimetoka wapi? Baharini na ardhini. Tarehe 16 Agosti 1972 mpiga mbizi Stefano Mariottini alikuwa kwenye maji ya Riace, kusini mwa Italia, kina cha mita nane hivi, akaona mkono umechomoza mchangani. Wakatoa wanaume wawili wa shaba, kila mmoja anakaribia mita mbili. Midomo na chuchu zao ni za shaba nyekundu tupu. Mmoja wao amefumbua mdomo kidogo, na ndani yake ana meno ya fedha. Mtu aliyeyaweka yale meno, karne ya 5 KK, alijua kwamba watakaoyaona ni wachache, wale watakaosogea karibu kabisa. Akayaweka.

Kazi ya kuwaponya ilianza miaka ya 70 na haikuisha upesi. Ndani yao mlibaki udongo wa kiini uliotumika wakati wa kumimina, na udongo ule ulikuwa umenywa chumvi ya bahari miaka zaidi ya elfu mbili. Chumvi na unyevu vinaila shaba kutokea ndani huku nje inaonekana nzima. Ikabidi mafundi waingize vifaa vyembamba kupitia matundu ya nyayo na kuukwangua udongo huo kidogo kidogo. Sasa wamesimama katika jumba la makumbusho la Reggio Calabria, juu ya misingi iliyotengenezwa ihimili matetemeko, na wageni huingia kwa makundi madogo baada ya kupita chumba cha kuchuja hewa ili wasiingie na vumbi.

Kisiwa cha Antikythera ni hivyo hivyo. Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo walikuta meli ya kale imelala chini. Humo mlikuwa na sanamu za shaba na za marumaru. Zile za marumaru zinatisha kidogo kuziangalia: upande uliofukiwa mchangani ni laini, misuli iko vilevile kama ilivyoachwa na mchongaji, na upande uliobaki wazi kwenye maji umeliwa na wadudu wa bahari mpaka umekuwa kama mwamba wa pwani wakati maji yametoka. Mtu mmoja, nusu yake kijana, nusu yake jabali.

---

MwanaPangani aliandika:

Kaka fundi, umenikumbusha tanuri la chokaa. Babu yangu alikuwa akipanga magogo duara, juu yake matumbawe, anawasha jioni. Asubuhi mawe yamekuwa meupe, ukiyamwagia maji yanapasuka yenyewe kuwa unga. Nyumba zote za zamani za kwetu zimepigwa lipu ya chokaa ile. Sasa ukisema marumaru na matumbawe ni kitu kimoja, ina maana sanamu nazo zinaweza kuchomwa zikawa chokaa?

Jibu:

Kaka, umegonga penyewe, na jibu linauma. Ndicho kilichotokea Roma karne nyingi. Mahekalu yalipoachwa, watu walihitaji chokaa ya kujengea, na jiwe la kuchoma lilikuwa limesimama tayari limechongwa miguu na mikono. Matanuri ya chokaa yaliwekwa katikati ya magofu yenyewe. Ukimtupia babu yako kichwa cha mungu wa Kirumi tanurini, asubuhi angepata chokaa safi kabisa. Siwezi kuwalaumu waliofanya vile, walikuwa na nyumba za kujenga na watoto ndani. Lakini nikifikiria ni nini kilichobaki kwenye majivu yale, nakosa usingizi.

Na aliyesalimika juu ya ardhi, wazi, wakati mwingine alisalimika kwa kudhaniwa mtu mwingine. Sanamu ya shaba ya Kaizari Marcus Aurelius akiwa juu ya farasi ilipona Roma zama zote zile kwa sababu watu waliamini ni Constantine, kaizari wa kwanza Mkristo. Wangejua ni mpagani, ingeyeyushwa.

---

MzeeWaMbezi aliandika:

Mkuu, uzi umeandikwa vizuri, heshima kwako. Ila naomba kuuliza bila ubaya: hizi ni sanamu za Wazungu. Sisi zinatuhusu nini hasa?

Jibu:

Shikamoo mzee. Swali ni la haki na nimelibeba mwenyewe muda mrefu.

La kwanza, tazama zile sanamu za zamani kabisa za Ugiriki, za vijana waliosimama wima, mikono imebana ubavuni, mguu wa kushoto umetangulia. Mkao ule wameutoa Misri. Mafarao walikuwa wamesimama hivyo, mguu wa kushoto mbele, karibu miaka elfu mbili kabla Mgiriki hajashika tindo ya kuchonga jiwe kubwa. Mgiriki alijifunza Afrika, kisha akaongeza lake. Lake ni nini? Mzee, jiangalie ukiwa unasubiri daladala. Uzito umeuweka mguu mmoja, goti la pili limelegea, nyonga moja imepanda, bega la upande huo limeshuka. Karibu na mwaka 480 KK wachongaji wa Athens walilipatia jiwe mkao huo. Kuanzia hapo sanamu ikaacha kusimama kama nguzo, ikawa inapumzika. Michelangelo alipomchonga Daudi wake, akamaliza 1504, alimsimamisha vivyo hivyo. Hata wale wanasesere wa madukani wanaovalishwa nguo, wengi wao wamesimama kwa mguu mmoja.

La pili linatugusa zaidi. Mwaka 1910, huko Meroe, Sudan, walichimba chini ya ngazi za hekalu wakatoa kichwa cha shaba cha Kaizari Augusto. Ni kikubwa kidogo kuliko kichwa cha mtu. Macho yamewekwa kwa kioo na jiwe, yanakutazama mpaka unageuka. Kilifikaje huko? Karibu mwaka 25 KK jeshi la ufalme wa Kush lilishuka Misri, ambayo Roma ilikuwa imeichukua punde tu, likapiga vituo vya Aswan na Philae na kuangusha sanamu za Kaizari. Huyu wakamkata kichwa, wakampeleka kwao na kumzika chini ya ngazi za hekalu, ili kila anayepanda amkanyage. Wakati huo Kush ilikuwa na kandake, malkia, ambaye Strabo, mwandishi Mgiriki wa zama zile, aliandika kwamba ana jicho moja na ni mwanamke wa tabia ya kiume.

Augusto alisambaza sanamu zake dola nzima. Za shaba nyingi ziliyeyushwa. Huyu aliyefukiwa ili akanyagwe ametoka na macho yake yote mawili, kitu ambacho ni nadra sana. Kwa hiyo mzee, sehemu ya yale tunayojua kuhusu uso wa mtawala wa Roma tunaijua kwa sababu ya watu wa bonde la Nile waliokataa kumwinamia. Naona inatuhusu.

---

SEHEMU YA TATU

Nimeamka mapema, niendelee kabla ya kwenda saiti.

Nataka kusema kuhusu mkono wa Laokoon. Januari 1506 mtu mmoja Roma alikuwa akichimba shambani kwake kwenye mizabibu, akakuta sanamu ya marumaru: baba, ndiye Laokoon, na wanawe wawili wamekabwa na nyoka. Papa Julius II akatuma watu kuiona, na Michelangelo alikuwa miongoni mwa waliokwenda siku ile. Waliitambua kutokana na maandishi ya Pliny, aliyeisifu kuliko kazi zote. Wasanii wa Ulaya waliinakili kwa karne nne. Lakini baba yule alikuwa hana mkono wa kulia.

Ukatafutwa mkono wa kumwekea. Wachongaji wakabuni mkono ulionyooka juu kwa ushujaa, kama anayeamrisha jeshi. Ukabandikwa. Dunia nzima ikamzoea Laokoon mwenye mkono wa juu, na vitabu vikaandikwa kuusifu mkono ule.

Mwaka 1906 mtaalamu wa mambo ya kale, Ludwig Pollak, aliona kwenye karakana ya mchonga mawe mmoja Roma kipande cha mkono uliokunjwa, kimelala kati ya mawe mengine. Jicho lake likamwambia. Akakichukua, akaukabidhi kwa Vatikani. Mkono wenyewe haukunyooka juu hata kidogo. Umekunjwa nyuma ya kichwa, nyoka ameshauvuta, baba ameshashindwa. Ilichukua miaka hamsini kabla ya kuamua kuutoa mkono wa uongo na kuurudisha wa kweli, mwishoni mwa miaka ya 50. Pollak hakuuona ukirudi. Alikuwa Myahudi, na Oktoba 1943 alikamatwa Roma na Wanazi pamoja na mke na watoto wake, wakapelekwa Auschwitz, hakurudi hata mmoja.

Kila nikisoma kisa hiki nafikiria ile karakana. Mkono ule ungeweza kukatwa ukawa kipande cha kaunta.

Nirudi Athens, kwenye jambo la ufundi ambalo ningependa kila kijana anayeanza kujenga alisome. Parthenon ilijengwa bila saruji. Mawe yalishikamanishwa kwa vibano vya chuma, na mafundi wa kale walimimina risasi iliyoyeyuka kuzunguka kila kibano. Risasi ni laini, inazuia maji yasifike kwenye chuma, na jiwe likitikiswa na tetemeko inanyumbulika nalo. Vibano vile vimekaa zaidi ya miaka 2,400, na vingi vilipofunuliwa vilikuwa bado vizima.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mhandisi Nikolaos Balanos akakarabati hekalu. Alilipenda, nina hakika, alilifanyia kazi miongo mitatu. Lakini aliweka chuma bila kukivika risasi. Chuma kikaota kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka kutokea ndani. Tunalijua hilo, ni kama nondo iliyokaa karibu na uso wa zege ufukweni, inavyolibandua zege vipande vipande. Tangu 1975 kamati maalumu ya Wagiriki inaitoa kazi ile ya Balanos, jiwe kwa jiwe, inaweka titani ambayo haioti kutu, na pengo linajazwa kwa jiwe jipya la mlima ule ule, likaachwa lionekane kuwa ni jipya.

Pia kuna moshi. Moshi wa viwanda na magari ukichangamana na mvua huugeuza uso wa marumaru kuwa jipsamu, hii hii ya dari zetu. Na jipsamu haivumilii mvua. Kwa hiyo uso wa mtu unayeyuka taratibu, pua kwanza. Ndiyo maana mwaka 1979 waliwashusha wale wanawake wa mawe wanaobeba paa la Erechtheion, hekalu jirani na Parthenon, wakawaingiza ndani na kuweka nakala nje. Walikuwa sita. Watano wako kwenye jumba jipya la makumbusho la Akropoli, kile kilima chenye mahekalu haya, lililofunguliwa 2009, na wa sita yuko London, aliondolewa na Lord Elgin, balozi wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19 pamoja na yule farasi wangu. Pale Athens nafasi yake wameiacha wazi. Kuwasafisha walitumia leza, wageni wakitazama, inachoma masizi meusi na kuiacha ngozi ya asali.

Kuhusu kurudishwa Athens kwa sanamu zilizoko London, niseme wazi ninavyoona: zirudi. Waingereza wanasema wamezitunza vizuri, na ni kweli ziliepuka moshi wa Athens, lakini mimi nimeiona kaborandamu kwenye shavu la jiwe.

---

BintiUnguja aliandika:

Fundi, asante kwa darsa. Nilisikia kuwa sanamu hizi zilipakwa rangi. Ni kweli? Maana kila ninayoiona ni nyeupe.

Jibu:

Ni kweli tupu, dada. Nywele, midomo, macho, pindo za nguo, vyote vilikuwa na rangi. Mwaka 480 KK Waajemi waliivunja Akropoli. Waathene waliporudi hawakuzitupa sanamu zilizovunjika, walizifukia pale pale mlimani kwa kuwa zilikuwa mali ya miungu. Zilipofukuliwa miaka ya 1880 zilitoka na nyekundu na kijani na buluu bado zimeshika. Lakini zilizobaki juani na mvuani zilikuwa zimeshafuliwa nyeupe, na hizo ndizo Ulaya ilizozijua kwanza. Mwanazuoni Winckelmann aliandika mwaka 1764 kwamba mwili mzuri huzidi uzuri kadiri unavyozidi kuwa mweupe, na watu wakajenga miji na vyuo vizima juu ya dhana hiyo. Duveen alikuwa mtoto wa dhana hiyo.

Hata pale ambapo jicho halioni kitu, rangi inaweza kuwepo. Buluu ya Kimisri, iliyotengenezwa kwa kuchoma mchanga, shaba na chokaa, ina tabia ya ajabu: ukiimulika kwa taa, inatoa mwanga wa infraredi, na kamera maalumu inaunasa ukiwaka mweupe gizani. Mwaka 2009 waliimulika sanamu ya Iris pale London, yule yule aliyesuguliwa. Mkanda wake ukawaka.

---

Cha mwisho, kisha nitajibu maswali.

Wajerumani waliingia Athens tarehe 27 Aprili 1941. Miezi kadhaa kabla, wafanyakazi wa jumba la taifa la makumbusho walijua kinachokuja. Wakabomoa sakafu za kumbi zao wenyewe, wakachimba mashimo marefu, wakashusha sanamu kubwa moja moja kwa kamba na winchi za mbao, wakazisimamisha humo bega kwa bega, wakamwaga mchanga na kuziba sakafu. Ipo picha ya kazi ile: vijana wa marumaru wamesimama ndani ya shimo, vichwa tu vinaonekana juu ya ukingo, kama watu wanaosubiri kuambiwa watoke. Wanajeshi walipofika walikuta kumbi tupu. Zilikaa chini mpaka vita ikaisha, ndipo zikachimbuliwa kwa mara ya pili katika maisha yake, na baadhi ya walioziona zikitoka walikuwa ni wale wale waliozifukia.

---

KijanaTabata aliandika:

Shikamoo fundi. Kaburi la bibi yetu tuliliwekea jiwe jeupe la marumaru, sasa lina weusi wa ukungu chini ya maandishi na mjomba kaleta asidi ya chooni anataka kulisafisha Jumamosi. Nimwambie nini?

Jibu:

Marahaba kijana. Mpigie mjomba sasa hivi, usisubiri Jumamosi. Asidi isifike hapo, wala klorini, wala ndimu, wala brashi ya waya. Chukua maji safi mengi na brashi laini ya nguo, anza chini upande juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu, suuza, kisha acha likauke kivulini. Rudia baada ya wiki. Weusi wa ukungu utapungua, hautaisha wote mara moja, na pale utakapobaki pembezoni mwa herufi usipachokonoe na kisu, maana kingo za herufi ndizo zinazokufa kwanza. Nipigie picha asubuhi jua likiwa limelala upande, uniwekee hapa, nione kama herufi bado zina kingo zake.